Mtaro Utazibuliwa Lini?

Kuna mkutano mmoja wa wakazi ambao mpaka leo sijausahau. Kiongozi aliyekuja alitundika michoro mizuri ukutani: majengo ya vioo, bustani, barabara pana zenye miti kila upande. Alizungumza karibu saa nzima, na kwa kweli alizungumza vizuri. Alipomaliza, mama mmoja aliyeketi mbele yangu alinyoosha mkono, akasimama na kuuliza: "Mtaro wa nyuma ya nyumba zetu utazibuliwa lini?" Kiongozi akajibu kwamba hilo limo ndani ya mpango mkubwa. Mama akauliza tena: "Lini?" Akajibiwa kwamba wataalamu wanalishughulikia. Mara ya tatu hakuuliza. Alichukua mkoba wake akatoka, na nyuma yake wakatoka wengine, mmoja mmoja, bila kelele.

Tangu siku ile, kila ninaposoma habari za mji ulioanguka ukainuka, namtafuta yule mama. Nataka kujua kama alipatikana mtu wa kumjibu.

Mji ukiporomoka, macho ya wengi huenda kwenye viwanda vilivyofungwa na majengo yaliyoachwa wazi. Hayo ni kweli, lakini kuna kitu hutangulia kuoza kabla ya kuta. Halmashauri inatangaza kwamba taka zitazolewa Jumanne, Jumanne inapita. Inasema bomba litatengenezwa wiki ijayo, wiki zinapita. Mwenye nyumba anaanza kujiuliza kodi yake inalipia nini hasa. Anachelewa kulipa, halafu anaacha kabisa. Mapato yakipungua, huduma nazo zinapungua, mwenye uwezo anahama, na mzigo wote unamwangukia asiye na pa kwenda. Fedha peke yake haziwezi kulikata duara hilo, kwa sababu hata zikija zinapokelewa na watu ambao hakuna anayewaamini. Kwa hiyo sifa ya kiongozi ninayoitafuta kabla ya elimu yake, maono yake au ufasaha wake ni hii: je, anaweza kulirudishia neno la mji uzito wake?

Detroit, nchini Marekani, ndio mfano ninaourudia mara nyingi. Mwaka 1950 jiji hilo la magari lilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.8. Kufikia 2010 walibaki kama 714,000, katika eneo lilelile, na barabara na mabomba yaleyale ya kutunza. Julai 2013 jiji likatangaza kufilisika, likiwa na madeni yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 18. Katika taarifa iliyopelekwa kwa wadai mwaka huo kuna mambo mawili yaliyonigusa kuliko deni lenyewe: asilimia 40 hivi ya taa za barabarani zilikuwa haziwaki, na mtu akipiga simu ya polisi alisubiri kwa wastani wa dakika 58.

Giza la namna hiyo ni kitu cha kila siku. Mtoto anaondoka nyumbani alfajiri ya majira ya baridi, anasimama kituo cha basi ambako hata uso wa mtu aliye hatua mbili mbele hauonekani. Mama yake anabaki mlangoni akisikiliza hadi mlio wa basi upite. Hakuna hotuba itakayomshawishi mama huyo kwamba jiji linamjali. Wezi nao walikuwa wamekwisha kuingia kazini: nyaya za shaba zilikatwa zikauzwa, mtaa baada ya mtaa.

Mike Duggan aliingia madarakani kama meya wa Detroit Januari 2014. Katika mchujo wa uchaguzi jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye karatasi ya kura kwa kasoro ya kisheria, na watu waliomtaka iliwalazimu kuliandika kwa mkono. Kampeni yake aliifanya zaidi sebuleni kwa watu, nyumba hii na ile, akiuliza na kusikiliza. Mamlaka maalumu ya taa ilikuwa imeundwa tayari, ikaanza kazi: taa mpya za LED, na nyaya za alumini badala ya shaba ili mwizi asipate cha kuuza. Mwisho wa 2016, taa 65,000 zilikuwa zinawaka. Napenda sana habari hii ya nyaya, kwa sababu inaonyesha kwamba kuna mtu aliyekaa chini akajiuliza kwa nini taa za zamani zilikufa, badala ya kusimika mpya na kupiga picha. Taa pia ina wema mmoja: haihitaji msemaji. Usiku ukiingia, kila mtu anahakiki mwenyewe kama ameambiwa kweli.

Lakini nisiipambe Detroit. Kabla ya Duggan, serikali ya jimbo ilikuwa imemweka Kevyn Orr, msimamizi wa dharura aliyepewa mamlaka juu ya meya na madiwani, na wakazi wengi waliona wamenyang'anywa kura yao. Wastaafu wa jiji walikatwa sehemu ya pensheni waliyoitolea jasho miaka yote. Mwaka 2014 maelfu ya kaya zilikatiwa maji kwa sababu ya madeni. Watu hao hawakuwa ndio walioliingiza jiji shimoni. Makadirio yaliyotolewa 2024 yalionyesha kwamba idadi ya wakazi imeongezeka kwa mara ya kwanza tangu 1957, nami nilifurahi kweli. Lakini aliyekatiwa maji ana haki ya kuusimulia ufufuo huo kwa sauti yake, na kiongozi anayestahili jina hilo humsikiliza bila kujitetea.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii ingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya mhasibu wa jiji. Sifa ya pili ninayoithamini ni ujasiri wa kufungua vitabu vya hesabu, na mtu ninayemkumbuka kwa hilo hatajwi sana. Huyo ni Jaime Castro, meya wa Bogotá, mji mkuu wa Colombia, kuanzia 1992 hadi 1994. Habari za Bogotá karibu zote huanza na waliomfuata, nitafika kwao. Castro alikuta jiji ambalo halikuwa na fedha za kufanya lolote, na madiwani waliokuwa wameingiza mikono yao ndani ya utawala wa kila siku. Alipigania sheria mpya ya jiji, iliyopitishwa 1993, iliyotenganisha kazi ya baraza na kazi ya meya. Kisha akabadilisha kodi ya majengo: mwenye nyumba akatakiwa kutangaza mwenyewe thamani ya nyumba yake na kulipa kwa kiwango hicho. Mapato ya jiji yakapanda sana.

Hebu fikiria ni kazi gani hiyo kisiasa. Unawapandishia watu kodi, unawaudhi madiwani, na huna hata daraja moja la kuzindua. Castro aliondoka madarakani akiwa hapendwi. Waliokuja baada yake wakakuta hazina ina kitu, wakaweza kufanya mambo ambayo dunia nzima inayasifu hadi leo. Nikiulizwa nitaje kiongozi mmoja tu wa mji wa kumheshimu, nadhani nitamtaja yeye, kwa sababu alipanda mti akijua kivulini watakaa wengine.

Aliyemfuata, Antanas Mockus, alikuwa mwanahisabati na mwanafalsafa, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo kikuu cha taifa. Hakuwa na chama kikubwa nyuma yake. Alikuta madereva wanaoziona alama za pundamilia kama mapambo ya lami na askari wa barabarani waliokuwa wakila rushwa. Alikivunja kikosi hicho cha askari, na vivukoni akapeleka wasanii wa maigizo ya kimya, nyuso zimepakwa rangi nyeupe. Dereva akisimama juu ya pundamilia, msanii anamjia taratibu, anaweka viganja juu ya boneti kana kwamba anasukuma mlima, anakunja uso kwa huzuni, anageuka kwa watembea kwa miguu na kuwaonyesha kwa mikono jinsi walivyobanwa. Watu wanacheka. Dereva anaona haya, anarudi nyuma nusu mita. Hakuna faini iliyoandikwa, hakuna aliyetukanwa. Tena, jiji lilipaka nyota barabarani, zipatazo 1,500, kila moja mahali ambapo mtu aligongwa akafa. Ukizipita kila asubuhi, zinakufundisha bila kufungua mdomo.

Wapo wanaoona mambo hayo ni mchezo. Mimi naona heshima kubwa. Mockus alianza na imani kwamba mkazi wa Bogotá ana aibu na ana utu, na kwamba akikumbushwa ataitikia. Viongozi wengi wa miji iliyochoka huanza na imani tofauti: kwamba wakazi ni wachafu, wakaidi, hawaelewi. Watu husikia wanavyofikiriwa hata kabla hujasema neno. Mwaka 2002, katika kipindi chake cha pili, Mockus aliwaomba wakazi walipe kodi pamoja na nyongeza ya asilimia 10 kwa hiari. Familia 63,000 zililipa. Watu walewale ambao miaka kumi nyuma walikuwa wakiikwepa halmashauri walileta zaidi ya walichodaiwa. Na hapo usimsahau Castro na vitabu vyake.

Kati ya vipindi viwili vya Mockus alikuwepo Enrique Peñalosa, mtu wa tabia nyingine kabisa, aliyekuwa ameshindwa na Mockus uchaguzini na asiyefanana naye karibu kwa lolote. Peñalosa alijenga njia za waendesha baiskeli na mabasi ya mwendokasi ya TransMilenio, yaliyoanza Desemba 2000. Mockus aliporudi hakuyafuta ili aanzishe yake. Aliyaendeleza na kuongeza njia. Huko Medellín nako, mji mwingine wa Colombia, laini ya kwanza ya magari ya kamba ya kuwapandisha watu milimani ilianza kujengwa chini ya meya mmoja ikazinduliwa 2004 chini ya mwingine, Sergio Fajardo, aliyeifanya kitovu cha mipango yake ya shule na maktaba katika mitaa maskini. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu ndipo miji mingi hufia: kiongozi mpya anaingia, anabadilisha jina la mradi, anabadilisha rangi, anaanza upya, na miaka mitano ya watu inapotea. Kumalizia kazi ya mpinzani wako, tena ukimtaja kwa jina siku ya uzinduzi, kunahitaji moyo uliotulia.

Bilbao, kaskazini mwa Hispania, nitaugusa kidogo tu, kwa kuwa umeandikwa kupita kiasi na mara nyingi vibaya. Kila mtu anajua jumba la makumbusho la Guggenheim lililofunguliwa 1997, na miji mingi imejenga majumba ya ajabu ikitarajia muujiza uleule. Wachache wanazungumzia maji taka. Mto Nervión ulikuwa umekufa kwa uchafu wa viwanda na makazi. Mpango wa kuusafisha ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970, ukachukua miongo, ukagharimu zaidi, tena kwa mbali, kuliko jumba lenyewe. Baadaye serikali kuu, serikali ya jimbo la Basque, manispaa na wamiliki wa ardhi ya reli na bandari walikaa kwenye kampuni moja ya umma iliyoundwa 1992, ardhi ya mmoja ikitumika kulipia kazi ya mwingine. Hao ni watu waliokuwa na sababu nyingi za kuzozana. Jumba lingejengwa kando ya mto unaonuka, nani angekuja?

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua, maana sifa hizihizi zinaweza kuumiza. Pittsburgh, mji wa chuma wa Marekani, miaka ya 1940 ulikuwa na moshi mzito hivi kwamba kuna siku taa za barabarani ziliwashwa adhuhuri. David Lawrence, aliyeapishwa kuwa meya 1946, alikuwa Mdemokrati wa vyama vya wafanyakazi. Alishikana mkono na Richard King Mellon, tajiri wa benki na Mrepublikan, na kwa pamoja wakaisimamia sheria ya kudhibiti moshi ambayo ilikuwa imekaa tangu 1941 ikisubiri vita viishe. Sheria hiyo ilizigusa kaya maskini, zilizotegemea makaa ya bei nafuu, yaani wapiga kura wake mwenyewe. Mpinzani ndani ya chama chake alimshambulia kwa hilo mwaka 1949. Lawrence hakurudi nyuma, na alishinda. Anga likafunguka. Hadi hapo, ni mfano wa kupigiwa makofi.

Ushirikiano uleule, wenye nguvu ileile, ukageukia mtaa wa Lower Hill. Ulikuwa mtaa wa Wamarekani weusi hasa, pamoja na wahamiaji wa mataifa mbalimbali, wenye maduka, makanisa na kumbi za jazi. Kwenye karatasi za wapangaji uliandikwa kuwa mtaa mbovu. Kuanzia 1956 ulibomolewa. Watu wapatao 8,000 walihamishwa ili kupisha, pamoja na mengine, ukumbi mkubwa uliofunguliwa 1961. Ukumbi wenyewe ulibomolewa kufikia 2012, ukaacha sehemu kubwa ya eneo hilo ikiwa maegesho ya magari. Nusu karne tu. Nyumba ambazo watu wangeweza kuwarithisha wajukuu ziliondolewa kwa ajili ya kitu ambacho hakikudumu umri wa mtu mmoja.

Kwa nini kiongozi aliyekuwa jasiri juu ya moshi akakosea hivyo juu ya mtaa? Nimeliwaza sana. Kwenye moshi, kila aliyeketi mezani alikuwa anauvuta pia. Kwenye Lower Hill, walioamua hawakuwa na hata mmoja atakayelala nje. Meza ilikuwa na mtu wa benki, mtu wa siasa na mtaalamu wa ramani, ila hapakuwa na kiti cha mwenye duka. Tangu nilipoielewa habari hiyo, nikisikia kiongozi anasifiwa kwa kuwaleta wakubwa pamoja, nauliza mlango wa chumba hicho ulikuwa wazi kwa nani.

Zamani nilikuwa shabiki wa kiongozi wa mkono wa chuma. Nilipenda habari ya Jaime Lerner wa Curitiba, Brazil, ambaye mwaka 1972 aliifunga barabara kuu ya biashara katikati ya mji ndani ya siku chache tu za mwisho wa wiki ili kuifanya ya watembea kwa miguu, wenye maduka wakishtukia kazi imekwisha. Wenye magari walipopanga kuivamia, walikuta watoto wameketi njiani wanachora kwenye karatasi ndefu. Ni habari nzuri, na barabara ile ipo hadi leo. Ila Lerner wakati huo aliteuliwa chini ya utawala wa kijeshi, hakupigiwa kura. Alikuwa msanifu mwenye kipaji na nia njema. Namkubali yeye, lakini siukubali tena utaratibu uliompa uwezo huo, maana uwezo uleule ukimwangukia asiye na kipaji wala nia njema, hakuna mahali pa kukata rufaa. Haraka inaruhusiwa pale ambapo kosa linaweza kurekebishwa: vyungu vya maua vilivyowekwa barabarani vinaondolewa asubuhi, barabara inarudi. Nyumba ya mtu ikishabomolewa, imeondoka.

Nimebakiza Surat, nao ndio mji unaonipa moyo kuliko yote. Ni mji wa nguo na wa kusafisha almasi katika jimbo la Gujarat, India. Septemba 1994, baada ya mafuriko na taka zilizolundikana, zilienea habari za tauni, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia kwa treni, kwa mabasi, kwa chochote chenye magurudumu. Ulimwengu mzima ulijua Surat kama mji mchafu wa kuogopwa. Mwaka 1995 akaletwa kamishna mpya wa manispaa, S. R. Rao, mtumishi wa serikali.

Rao aliugawa mji katika kanda sita, kila kanda na mkuu wake, mwenye mamlaka ya kuamua na kutumia fedha bila kusubiri saini ya makao makuu. Kila asubuhi maofisa, yeye akiwemo, walitoka ofisini zenye viyoyozi na kwenda mitaani: kwenye majalala, kwenye mifereji, kwenye vibanda vya wafagiaji. Mchana walikutana na kuelezana kila mmoja ameona nini na kafanya nini. Alipofika kwenye majengo yaliyojengwa kinyume cha sheria, alianza na ya wenye nguvu. Mnyonge akitazama na kuona nyundo imeanzia kwa mkubwa, haki inakuwa kitu anachokiona kwa macho, na zamu yake ikifika hana sababu ya kusema ameonewa. Ndani ya takriban miaka miwili, Surat ukatajwa kuwa mji wa pili kwa usafi India.

Namwona yule mama Surat. Anauliza mtaro utazibuliwa lini, na mbele yake amesimama ofisa mwenye jina, mwenye kanda, mwenye fungu la fedha, ambaye mchana huohuo ataketi na wenzake na kuulizwa ameukuta mtaro huo katika hali gani.

Mwaka 1997 ulipofika mwisho, Rao alikuwa amekwisha kuhamishwa. Wengi walitarajia kila kitu kianguke. Maofisa waliendelea kutoka asubuhi. Kanda zilibaki, vikao vya mchana vilibaki, wafagiaji walibaki na zamu zao. Katika orodha ya kitaifa ya usafi ya 2023, Surat uliwekwa namba moja nchini India, sawa na mji wa Indore. Rao alikuwa ameondoka zaidi ya miaka 25 nyuma.